Mwongozo Kamili wa Mfarishi wa Viraka: Kutoka Kiroba cha Mabaki ya Vitenge hadi Ukuta wa Maonyesho

Chini ya meza ya karibu kila fundi cherehani huwa kuna kiroba cha mabaki: pembe za vitenge, vipande vilivyosalia baada ya kukata mikono ya magauni, kanga iliyochanika upande mmoja. Mafundi wengi huvitoa bure au kwa bei ya chai. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyageuza mabaki hayo kuwa mfarishi wa viraka, yaani tandiko la tabaka tatu (uso wa viraka, pamba ya kati na mgongo) zilizodariziwa, maana yake zimeshonwa pamoja, na namna ya kuufikisha mfarishi huo mahali ambapo watu wasiokujua husimama na kuutazama. Kazi hii nilijifunza darasani nikiwa Uingereza, baada ya miaka mingi ya kushona nguo, na nakiri mapema kwamba ufundi wa nguo ulinisaidia kidogo kuliko nilivyotarajia. Gauni husamehe, kwa kuwa mwili wa mvaaji hujaza palipolegea. Mfarishi hausamehe, kwa sababu kosa la mshono wa kwanza hurudiwa katika kila mshono unaofuata, na mwisho wa safari humkuta fundi ameduwaa, pande mbili zimekataa kukutana.

Tutakaoushona hapa una upana wa inchi 48 na urefu wa inchi 60, takriban sentimita 122 kwa 152. Unatosha kufunika miguu ya mtu mzima aliyekaa kwenye kochi au kumlaza mtoto, na si mzito kiasi cha kumshinda mtu anayetumia cherehani ya kawaida ya nyumbani.

Kuanza na kanga kabla ya mkasi

Wanaofundisha mifarishi huanza na gurudumu la rangi. Mimi humshauri Mswahili atandike kanga sakafuni na kuitazama upya, kwani mpangilio anaoutafuta ameuvaa tangu utotoni. Kanga ina pindo inayoizunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina chini ya mji. Mfarishi nao una ukingo unaotuliza macho, uwanja wa kati wenye vurugu zake, na mahali ambapo jicho hupumzika na kusoma. Ukishauona mfarishi kama kanga kubwa yenye mji wa viraka, maswali mengi ya mpangilio hujijibu yenyewe: pindo isiwe na rangi nyingi kuliko mji, na jina likae upande wa chini, mahali lisomeke bila mtu kugeuza shingo.

Kwa hiyo usilikatekate jina. Nimewahi kuona kazi nzuri iliyoharibiwa na maneno yaliyobaki nusu, herufi tatu hapa na nne pale, na kila msomaji wa Kiswahili aliyepita aliacha kutazama rangi akaanza kuhangaika kuunganisha sentensi. Katika mfarishi wetu jina litabaki zima kwenye pindo ya chini. Wangu wa kwanza uliandikwa "Wema hauozi", na ndilo jina nililouandikishia kwenye maonyesho.

Utahitaji doti mbili za kanga, moja kwa ajili ya mgongo na nyingine kwa ajili ya pindo, mkanda wa kufunika kingo, na neli ya kutundikia, yaani mfuko mrefu wa nyuma unaopitishiwa fito. Mabaki ya vitenge yanayotosha viraka 108. Na pamba ya kati yenye ukubwa wa inchi 56 kwa 68. Pamba hiyo huuzwa ikiwa pamba tupu au mchanganyiko wa pamba na polista. Kwa anayeishi pwani, ambako tandiko zito ni adhabu, kitambaa kimoja cha flana au blanketi jepesi lililozeeka hufanya kazi hiyo vizuri, mradi lisiwe la kunyooka linapovutwa.

Kufua na kupima rangi

Fua kila kitambaa kabla ya kukikata. Kitenge kipya huja na wanga mwingi unaokifanya kionekane kizito kuliko kilivyo, na kanga, ambayo ufumaji wake umelegea kidogo, hupungua kwa kipimo tofauti na kitenge. Vikishonwa pamoja bila kufuliwa, mfuo wa kwanza utavikunja kila kimoja kwa namna yake. Baada ya kufua, chukua vitambaa vyekundu, vyeusi na vya buluu iliyokolea, uvilowanishe pembeni, uweke kitambaa cheupe juu yake na kupiga pasi ya moto. Kitambaa cheupe kikipata doa, rudia kufua na kupima. Baada ya mara tatu, kama bado kinachuja, kiache. Siki na chumvi tulizofundishwa nyumbani si kinga ya kuaminika kwa kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani, na mfarishi wenye weupe ndani yake hauna pa kuficha wekundu uliotembea.

Kukata viraka 108

Uwanja wa kati una miraba 12, mitatu kwa upana na minne kwa urefu, na kila mraba una viraka tisa. Kila kiraka hukatwa inchi 4.5 kwa 4.5, ili kikishashonwa kibaki inchi 4. Gawanya mabaki yako mafungu mawili, vitambaa vya giza na vitambaa vya mwanga, kwa kutazama ukolevu badala ya rangi yenyewe. Njia rahisi ni kuvipiga picha kwa simu kisha kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe: nyekundu uliyodhani inang'aa mara nyingi hugeuka kuwa giza sawa na kijani iliyo jirani yake. Unahitaji viraka 54 vya giza na 54 vya mwanga.

Michoro ya kitenge huwa mikubwa, na kiraka cha inchi 4 hunasa sehemu tu ya ua au ya ndege. Chukua karatasi ngumu, itoboe dirisha la inchi 4 kwa 4, na uitembeze juu ya kitambaa hadi dirisha lionyeshe kitu kinachopendeza, ndipo uchore. Kazi hii hula muda, nami sikubali kuiharakisha. Jicho la ndege lililonaswa katikati ya kiraka kimoja linaweza kuupa uhai mraba mzima. Kata kwa kufuata uzi wa kitambaa, wala usikate mshazari, kwa sababu ukingo wa mshazari hunyooka unapopigwa pasi. Mwenye kisu cha duara kinachoviringika, rula pana na mkeka wake atakata kwa haraka. Mwenye mkasi achore kwa kipande cha sabuni kilichokauka, kama wanavyofanya mafundi, akate juu ya mstari wenyewe.

Robo inchi

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kila mshono wa viraka huchukua robo inchi, pungufu kwa unene wa uzi mmoja, kwa kuwa kitambaa kinapokunjwa juu ya mshono nacho humeza nafasi. Kuna mishono minane inayopanda kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Kama kila mshono umezidi moja ya kumi na sita ya inchi kwa kila kiraka, umepoteza moja ya nane kwa mshono mmoja, na uwanja uliopaswa kuwa na upana wa inchi 36 utapungua kwa inchi nzima.

Usiamini alama iliyochongwa kwenye bamba la cherehani kabla ya kuipima. Kata vipande vitatu vya upana wa inchi 1.5, uviunganishe ubavu kwa ubavu, upige pasi, kisha upime kile cha kati. Kikiwa inchi 1 kamili, bandika utepe wa gundi kwenye bamba, sambamba na mahali ukingo wa kitambaa ulipopita, nao uwe reli yako. Kikipungua, sogeza sindano au utepe kidogo na ujaribu tena. Mimi hulirudia jaribio hili kila ninapobadilisha sindano au uzi. Weka mshono wa milimita 2 hadi 2.5 na sindano namba 80.

Panga viraka tisa mezani, giza na mwanga vikipishana kama ubao wa drafti. Miraba sita ianze na giza kwenye pembe na sita ianze na mwanga, ili itakapokaa jirani mpishano usikatike. Shona safu ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha piga pasi ukilaza mishono yote upande wa kitambaa cha giza. Matokeo yake ni kwamba safu moja mishono itaelekea nje na safu iliyo chini yake itaelekea ndani. Ukiziweka safu hizo uso kwa uso, mishono huumana yenyewe, na kidole kitaisikia ikifungamana kama meno ya zipu kabla hata hujachomeka pini. Pasi ya mfarishi hukandamizwa na kuinuliwa. Haisuguliwi mbele na nyuma kama ya shati, maana kusugua hunyoosha viraka na kuviondoa kwenye mraba. Kila mraba uliokamilika upime inchi 12.5. Usiofikia kipimo hicho ufumue sasa, kwani hakuna hatua ya mbele itakayousaidia.

Pindo, na somo nililolipia

Uwanja ulioungwa wote utapima inchi 36.5 kwa 48.5. Pindo ina vipande vinne, kila kimoja inchi 6.5 kwa 48.5, na vipimo vimelingana kwa makusudi: viwili huenda ubavuni, na vikishashonwa, upana mpya wa juu na wa chini nao unakuwa inchi 48.5. Vyote vinne hutoka kwenye kanga moja. Kata kwanza kile chenye jina, jina likiwa katikati ya urefu na ya upana wa kipande. Kwa kuwa kanga ina urefu wa takriban inchi 60, utakuwa umeziacha sehemu kubwa ya pindo zake za kando, ambazo hufaa kwa mkoba wa kuhifadhia sindano.

Mara ya kwanza sikupima. Nilichukua utepe mrefu wa kitambaa, nikaushona ubavuni huku nikiuachia ujipeleke wenyewe, na ulipofika mwisho nikakata uliozidi, jinsi nilivyozoea kushona frili. Mezani ulionekana sawa. Ulipotundikwa kwenye maonyesho madogo ya ukumbi wa mtaa, kingo zilipiga mawimbi kama bahari ya kaskazi, na kijikaratasi cha waamuzi kilikuwa na mstari mmoja tu, wa ukingo usiotulia. Sababu ni kwamba cherehani huvuta tabaka ya chini haraka kuliko ya juu, na pindo isiyo na kipimo humeza tofauti hiyo yote. Pima uwanja ukipita katikati yake, wala si kwenye kingo ambazo huwa zimekwisha kulegea, kata pindo kwa kipimo hicho, ziunganishe kwa pini katikati kwanza, kisha mwisho na mwisho, ndipo ushone.

Tabaka tatu na kudarizi

Unganisha kanga mbili za mgongo kwa upande wake mrefu, upige pasi, ukate inchi 56 kwa 68, ili kila upande uzidi uso wa mfarishi kwa inchi 4. Tandaza mgongo sakafuni uso ukitazama chini na uubandike kwa utepe wa gundi, ukiwa umenyooka bila kuvutwa. Laza pamba juu yake, kisha uso wa mfarishi. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi mweupe na sindano ndefu, mistari ikiachana kwa upana wa kiganja, ukianzia katikati na kutoka nje kama miale ya jua. Pini za usalama nazo hufaa. Geuza na kukagua mgongo kabla ya kusonga mbele. Mkunjo ulioachwa hapo utashonewa ndani daima.

Kudarizi kwa cherehani huhitaji sindano namba 90, mshono wa milimita 3, na, ukiweza kuupata, ule mguu wa cherehani wenye meno yake ambao huvuta kitambaa cha juu sambamba na meno ya chini. Anza kwenye mshono wa katikati ya mfarishi na ufanye kazi kuelekea kingo, ukiviringisha sehemu usiyoifikia kama mkeka. Kwa mwanzo, pita ndani ya shina la mishono ya miraba yote, palepale vitambaa viwili vinapokutana, ili tabaka zishikane. Baadaye ongeza mistari ya hanamu inayokata viraka pembe kwa pembe. Kwenye pindo yenye jina sipitishi mstari juu ya maneno, bali hulizunguka kila neno kwa mshono mmoja, nalo huinuka kidogo kwa sababu pamba iliyo chini yake haikubanwa.

Mkanda na neli

Kata mikanda mitano ya upana wa inchi 2.5 kutoka kanga iliyosalia, iunge kwa mshazari, uikunje katikati kwa urefu na kupiga pasi. Mzingo wa mfarishi ni inchi 216, nawe unahitaji zaidi ya hapo kwa ajili ya pembe na maungio. Kabla ya kushona mkanda, punguza pamba na mgongo vilingane na uso, na uandae neli ya kutundikia: kipande cha inchi 8.5 kwa 48, kikipindwa pembe zote mbili fupi na kukunjwa katikati. Kibane kwenye ukingo wa juu wa mgongo, ili mshono wa mkanda ukishike hapohapo.

Shona mkanda upande wa uso. Ukifika robo inchi kabla ya pembe, simama, funga uzi, ukunje mkanda kuelekea juu kwa nyuzi 45, kisha uurudishe chini juu yake wenyewe na uendelee. Ugeuze nyuma na kuushikiza kwa mkono. Waamuzi huuminya mkanda kwa vidole kuona kama umejaa pamba hadi ukingoni, na hutazama pembe nne kwa makini. Ukingo wa chini wa neli nao ushikizwe kwa mkono, ukiusukuma juu nusu inchi ili neli ibaki na ulegevu. Fito ikipita, unene wake utakaa nyuma badala ya kuutuna uso.

Kuchagua darasa

Darasa zuri ni lile linalotoa orodha ya vifaa mapema na kueleza utaondoka na ujuzi gani. Nenda na cherehani unayoijua, si mpya iliyofunguliwa jana usiku, na ubebe sindano za akiba. Mwombe mwalimu ruhusa kabla ya kupiga picha kazi yake, na ukitumia mchoro wake baadaye, mtaje. Zaidi ya hayo sina la kuongeza, isipokuwa kwamba mraba ulioanzwa darasani usipomalizwa juma lilelile, kwa kawaida huingia kwenye kiroba.

Unapotafuta msukumo wa ubunifu, tazama pia waliotangulia. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837, alishona hadithi za Biblia kwa picha za vitambaa, na hali ngumu ilimlazimisha kuuza mmoja wa mifarishi yake kwa dola 5. Leo uko katika makumbusho ya Smithsonian. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, walishona kwa nguo kuukuu za kazi, na mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston. Nami humrudia kila mara Msiddi wa Karnataka, mzawa wa Waafrika waliopelekwa India kupitia Goa enzi za Wareno, ambaye mfarishi wake, uitwao kawandi, huanza ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, viraka vikishonwa na kudariziwa kwa mkono kwa wakati mmoja. Ni kinyume kabisa cha utaratibu niliouandika hapa, na anayechoshwa na robo inchi atapata nafuu akiujaribu.

Kuupeleka kwenye maonyesho

Maonyesho makubwa ya fani hii ni pamoja na yale ya Houston kila majira ya vuli, ya Paducah, Kentucky, ambako Jumba la Taifa la Mifarishi lilifunguliwa mwaka 1991, na ya Birmingham, Uingereza, karibu na mwanzo wa Agosti. Hata hivyo, anza na ukumbi wa jirani. Soma masharti ya ukubwa wa neli kwanza, kwa kuwa mengi hutaka inchi 4, kisha uchague fungu linalokustahili. Kujiandikisha miongoni mwa wanaoanza si aibu. Fomu itauliza kama mchoro ni wako. Jibu kwa ukweli, na ueleze kwa sentensi moja jina la kanga lina maana gani, kwani mwamuzi asiyejua Kiswahili atadhani ni nembo ya kiwanda.

Siku moja kabla ya kuupeleka, uweke mfarishi kwenye mwanga wa dirisha na kuukagua nyuzi zinazoning'inia, nywele, manyoya ya paka na alama za sabuni. Usiupulizie manukato wala udi, japo mkono utawasha. Shona lebo kwenye kona ya chini ya mgongo yenye jina la mfarishi, jina lako, mahali na mwaka. Ukunje kwenye shuka ya pamba, wala si kwenye nailoni, nao usafiri hivyo.

Ukumbini huruhusiwi kugusa kazi ya mwenzako. Mara nyingi huwapo wasimamizi wenye glavu nyeupe ambao, ukiwaomba, hukuinulia ukingo uone mgongo. Waombe, kwa sababu mgongo hufundisha zaidi ya uso. Mfarishi wako ukirudi, upunge hewa kivulini siku nzima kabla ya kuukunja, na kila baada ya miezi michache ufungue na kuukunja upya mahali tofauti ili mikunjo isikate nyuzi. Wangu haukai kabatini muda mrefu, kwani mama yangu akija huutandika kitandani kwake bila kuniuliza, jina likiwa upande wa miguu.